Vuka

Siku hiyo tulikuwa mimi, mdogo wangu Mutinda, jirani yetu Musembi, na Sajini Barasa na wanajeshi wake sita. Sisi watatu tulikuwa polisi wa akiba mashariki mwa Nuu. Wanajeshi waliletwa baada ya wavamizi wenye bunduki kuanza kuua watu malishoni.

Asubuhi tulikunywa uji nyuma ya kanisa. Sajini alichora mpango wa redio kwenye kipande cha katoni. Mutinda na Musembi wangekaa bondeni, kila mmoja na redio yake; Sajini na watu wake nyuma ya kilima. Kilima kilikata mawasiliano, kwa hivyo mimi ningekaa juu, nipokee upande huu na kurudia upande ule.

"Uliacha shule darasa la sita," Musembi akacheka, "na leo wewe ndio mnara wa simu!"

Sajini hakucheka. Redioni alitaka Kiswahili pekee na maneno mafupi. Na anayepokea amri airudie kwanza, ndipo asonge.

Tangu wazazi wetu wafariki, nilimlea Mutinda na dada yetu Mwende. Jioni nilikuwa nikimwita Mutinda kutoka kwa mbuzi kwa neno moja la Kikamba: uka. Njoo. Hakungoja niite mara mbili.

Saa tano milio ya risasi ilianza.

Sajini aliongea haraka redioni. Wavamizi walikuwa wanaingia kati ya kilima na bonde. Walio bondeni wavuke mto mkavu, wajifiche ng'ambo.

Nikabonyeza redio. "Mutinda, vuka. Haraka."

Ikakwaruza. "Sawa, braza."

Hakurudia neno. Nilijua sheria, lakini nilikuwa nimesikia sauti yake, nikaridhika.

Akatoka kichakani. Hakuelekea mtoni.

Alikuwa anakuja kwangu, ameinama, akikimbia.

Niliita tena na tena. Hakujibu.

Akaanguka katikati ya uwanja.

Tukingoja gari la kumpeleka mochari, Musembi alikaa kando yangu.

"Alisema unamwita. Nikamwambia, 'Wee, amesema vuka!' Akasema, 'Ni uka. Huyo ni braza, namjua.'"

Redio ya Mutinda ilikuwa imemeza mwanzo wa neno. Angelirudia, ningelisikia kosa.

Ripoti iliandika kwamba marehemu alikiuka amri. Sajini aliandika alichojua, nami sikumwambia zaidi. Musembi naye aliniachia mimi niseme.

Mwende anaiweka nakala ya ripoti hiyo ndani ya Biblia yake. Miaka imepita, lakini tukimtaja Mutinda husema, "Kama tu angesikia alivyoambiwa, kaka." Mimi huinuka nikaangalie mbuzi.

Nimemjengea Mutinda kaburi la simiti. Kila mvua ikinyesha nalima shamba lake kabla ya langu. Lakini hakukiuka amri yoyote. Alinisikia nikimwita, akaja. Mwende anastahili maneno hayo, na hadi leo sijampa.