Hodi ya Nne

Mwanvita binti Mwinyimvua hakuingia mahali bila kupiga hodi, hata kama mlango u wazi na ufunguo anao yeye. Kila asubuhi alisimama kizingitini mwa ofisi ndogo iliyo ubavuni mwa chumba cha baridi, akapiga hodi, akasikiliza, ndipo akaingia. Wanaume wanaopakia pweza walimwitikia kutoka uani kwa sauti nyembamba, "Karibu, mama mkwe," naye akawajibu kwamba binti zake wote wameolewa na watu wanaooga. Utani huo haukumtoa katika desturi yake. Alilelewa Mbegani, katika nyumba ambayo mgeni alipiga hodi mara tatu, na asipoitikiwa ya tatu aligeuza miguu akarudi kwao bila kinyongo. Hodi ya nne, walifundishwa, ni ya mtu asiyelelewa.

Taghreed, aliyekaa meza ya pili katika ofisi hiyo, alikuwa amemzoea kwa miaka saba. Yeye alitoka katika ukoo wa wauza nguo wa mjini Bagamoyo, alisoma chuo, na kazi yake ilikuwa kuandikiana na wanunuzi wa ng'ambo. Mwanvita alikuwa mtunza kumbukumbu. Kila baada ya saa mbili alisoma kipimajoto cha chumba cha baridi na kuandika alichokiona. Kwa miaka kumi na miwili aliandika kwenye daftari lenye jalada gumu. Kisha makao makuu ya kampuni, Dar es Salaam, yakaleta kompyuta, yakachukua madaftari, yakakataza karatasi. Kompyuta zenyewe ziliongozwa kutoka huko huko. Hapa hakuna aliyeweza kubadili hata picha ya kwenye kioo.

Mwanvita hakulalamika. Hakuwa na nafasi ya kulalamika. Khamis, mumewe, fundi seremala, figo zake zote mbili zilikuwa zimekufa. Kila Jumatatu na Alhamisi alipelekwa Dar kusafishwa damu, na kilichomfungulia mlango wa hospitali ni kadi ya bima aliyoipata kwa ajira ya mkewe. Siku moja, akimenya chungwa, Mwanvita alimwambia Taghreed kwamba kazi ile haikuwa yake tena, ilikuwa damu ya Khamis. Alisema hivyo bila kuinua macho, kama mtu anayetaja bei ya sukari.

Baada ya Idi kikaanza kile kidirisha. Kila alipofungua ukurasa wa kuandikia joto, kilijitokeza katikati ya kioo: programu hii inaomba ruhusa ya kuingia kwenye hifadhi ya kampuni, unaruhusu au unakataa? Akabonyeza kuruhusu. Baada ya saa mbili kikauliza tena. Akaruhusu. Kesho yake kikauliza mara sita. Alimpigia simu Muataz, fundi wa kompyuta wa makao makuu, akaambiwa aandike ombi. Akaandika, akajibiwa kwa namba ya ombi. Akaandika la pili, akapewa namba nyingine. Alizinakili kiganjani kwa kalamu, maana karatasi ilikuwa marufuku.

Kilichomuumiza zaidi ya usumbufu ni utovu wa adabu wa kidirisha chenyewe. Mtu umemkaribisha, amekwisha kaa mkekani, vipi apige hodi tena kutoka ndani ya chumba? Alianza kuamini kwamba anapimwa, kwamba makao makuu kuna mtu anayehesabu anavyojibu, na jibu moja likikosewa litatumika kumwondoa. Alikuwa akisoma maneno yale yale herufi kwa herufi, akinong'ona, kabla ya kubonyeza.

Asubuhi moja, Taghreed akiwa na mnunuzi kwenye simu na barua tatu zisizojibiwa, Mwanvita alimgeukia akasema kwamba kile kidude kimeuliza mara ya nne na bado saa nne haijafika. Taghreed alifunika simu kwa kiganja, akacheka.

"Bi Mwanvita nawe, si ndiyo fani yako hii? Akipiga hodi tatu usimwitikie, si ataondoka mwenyewe? Mwache mlangoni."

Ulikuwa utani tu, akarudi kwenye simu yake. Lakini Mwanvita hakuwa na mwingine wa kumuuliza, na aliyesema ni mtu wa chuo. Alikisogeza kidirisha hadi kwenye pembe ya chini ya kioo, nusu yake ikapotelea nje, akaendelea kuandika. Siku hiyo hakikuuliza tena. Jioni alimletea Taghreed mkate wa kumimina uliofungwa kwenye kitambaa, akamwambia kwamba amemponya.

Kwa siku kumi na moja ofisi ilikuwa na utulivu. Kila asubuhi Mwanvita alikisogeza kidirisha pembeni, akasoma joto, akaandika, tarakimu zikakaa kwenye kioo mbele ya macho yake. Asichojua ni kwamba programu iliyokuwa ikisubiri ruhusa haikupeleka hata tarakimu moja. Jioni alipozima kompyuta kila kitu kilifutika, na asubuhi ukurasa ulifunguka mtupu, kama ulivyofunguka siku zote kwa ajili ya siku mpya.

Siku ya kumi na mbili mnunuzi akaomba kumbukumbu za joto za shehena ya pweza. Makao makuu yakafungua hifadhi, yakakuta pengo. Shehena ikakataliwa, na Mwanvita akaitwa kwenye kikao kujibu kwa nini alilipwa kwa kazi ambayo hakuifanya.

Taghreed alikaa mle ndani kama mwandishi wa kikao, na daftari lililoruhusiwa kwa vikao tu. Meneja hakuwa mtu mbaya. Alionekana kama anayetaka kumaliza kabla ya adhuhuri. Mwanvita alieleza yote, tangu hodi ya kwanza, akafungua kiganja kuonyesha zilipokuwa namba za maombi yake, ingawa wino ulikwisha kutoka. Meneja akamuuliza nani aliyemwambia akiache kidirisha bila kukijibu.

Taghreed aliinua kalamu yake. Alikuwa na watoto watatu na mama mgonjwa Zinga, na kalamu ikabaki hewani. Mwanvita hakumtazama hata mara moja.

"Hakuna," alisema. "Ni akili yangu mwenyewe."

Taghreed akayaandika maneno hayo, kwa mkono wake.

Usiku wake hakula, na asubuhi alimwendea meneja kabla bwana huyo hajavua kofia, akamwambia kwamba ushauri ule ulitoka kwake. Meneja alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia kwamba barua ya kumwachisha kazi Mwanvita imekwisha kutiwa saini Dar, na kwamba akiendelea kusema watakuwa wawili badala ya mmoja. Taghreed akampigia Muataz. Muataz hakukana. Alikiri kwamba kompyuta zote zilipangwa kurudi katika hali yake ya mwanzo kila zinapozimwa, na kufuta ruhusa kila baada ya muda, hivyo yoyote anayotoa mtumiaji husahauliwa, na kwamba malalamiko kama hayo anayo arobaini. Taghreed akamwomba aliandike hilo kwenye barua, mistari miwili tu. Muataz akasema kwamba ili aandike, lazima kwanza aruhusiwe na wakubwa wake, na atawaomba. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wiki ilipita, barua haikuja.

Taghreed aliandika mwenyewe makao makuu, akataja jina lake na utani wake wote. Alijibiwa kwa namba ya ombi.

Mwanvita alikuja siku ya Jumanne kurudisha ufunguo. Wapakiaji wa pweza walitua mizigo alipopita uani. Taghreed alisimama, akataka kuomba radhi, akaishia kumvutia kiti. Mwanvita alimshika mkono akamkalisha, kama yeye ndiye mgeni aliyefiwa. Alikuwa anahamia Msata kwa kaka yake, huko nyumba haina kodi, ingawa kutoka huko hadi hospitali ni mbali zaidi. Hawakuonana tena baada ya siku hiyo, na miezi miwili baadaye simu ya Mwanvita ikawa haipatikani. Lakini Jumanne hiyo Mwanvita alikaa kidogo ukingoni mwa kiti kilichokuwa chake, akaipapasa kadi ya bima ndani ya mkoba kuhakikisha ipo.

"Wameniambia kadi inafanya kazi mpaka mwisho wa mwezi huu," alisema. "Hebu, mdogo wangu, fungua kalenda ya simu yako unihesabie. Nimebakiwa na Jumatatu ngapi, na Alhamisi ngapi?"