Muuguzi wa Swali Moja

Habari za kifo chake zilinikuta kwa kinyozi, hapa Lodwar, nusu ya kichwa changu ikiwa imenyolewa na nusu bado. Aliyepiga simu ni mdogo wake wa kike. Alisema, "Kaka, dada ametuacha," kisha akakata, nami nikabaki nimeishikilia simu sikioni kana kwamba kuna jingine litakalofuata. Kinyozi wangu, mtu mzima mwenye adabu zake, alizima mashine, akangoja, halafu akauliza kwa upole, "Mzee, tumalizie, au?" Nikamwambia amalizie. Ungefanya nini wewe, msomaji wangu? Nilifika nyumbani nimenyolewa safi, nikaketi mlangoni, nikalia, na mke wangu hakujua aanze na pole au kwanza aulize kumetokea nini.

Jina lake sitalitaja. Mnaonisoma kila wiki mnajua sina mazoea ya kutaja majina, na yeye mwenyewe angenigombeza. Huku kwetu kila muuguzi wa kike ni Sista, lakini ukisema "yule Sista wa maswali," kuanzia Lodwar hadi Kakuma hakuna aliyehitaji maelezo zaidi. Alikuja kutoka Taita akiwa msichana, kwa kazi aliyoambiwa ni ya miaka miwili, akakaa mpaka mvi zikamkuta. Tumemzika kwao, kwenye baridi ya milimani ambayo nadhani hata yeye alikuwa ameshaisahau. Na wasemaji waliinuka mmoja mmoja pale chini ya hema, wakasema alikuwa mchapakazi, mcheshi, mcha Mungu. Maneno hayo, jamani, humtosha kila maiti! Nilikaa kwenye kiti changu cha plastiki nikinung'unika, maana hakuna hata mmoja aliyesema mwanamke huyu alikuwa akitafuta nini maishani. Basi nitasema mimi, ingawa nimechelewa, na ingawa mwishoni mtaona kwamba sina haki kubwa ya kusema.

Mwaka wake wa kwanza wodini aliletwa mama mmoja kutoka Lowarengak, kule juu ziwani, anapumua kwa shida. Daktari akaagiza picha ya kifua. Sasa, mwanamke wa Kiturkana aliyeolewa huvaa shanga shingoni, tabaka juu ya tabaka, kutoka mabegani hadi kidevuni, na picha haiwezi kupigwa shanga zikiwa pale. Sista akachukua mkasi. Alizikata nyuzi kwa uangalifu, hakupoteza hata ushanga mmoja, akaziweka kwenye sinia la chuma. Yule mama alimshika mkono akamuuliza jambo kwa Kiturkana. Sista hakuijua lugha, akampigapiga begani, akatabasamu, akasema, "Usijali, mama." Mama akamwuliza tena. Sista akatabasamu tena. Walimpiga picha, wakamrudisha kitandani, na baada ya chakula cha mchana kitanda kilikuwa kitupu. Alikuwa ametoka na sindano ya dripu bado imo mkononi, akapanda lori la samaki lililokuwa likirudi ziwani. Hakufika. Alifia njiani, kabla lori halijafika hata Lokitaung.

Aliyemweleza Sista maana ya yale yote ni mama mmoja mfagizi wa wodi, Mturkana kama mimi, ambaye alikuwa amesimama pale na ufagio wake tangu mwanzo. Alisikia kila neno, ila aliogopa kumkatiza mtu aliyevaa sare. Kwetu mwanamke akivuliwa shanga zake, amefiwa na mume. Yule mgonjwa alikuwa akiuliza, "Amekufa lini? Mmemzika wapi?" Na akajibiwa kwa tabasamu, mara mbili. Siku kadhaa baadaye mume alifika hospitali, mzima wa afya, kigoda chake mkononi, akasimama mlangoni mwa wodi akataka kumjua mtu aliyemwambia mkewe kwamba yeye amekufa. Mfagizi akatafsiri. Sista akasema, "Ni mimi." Alinisimulia kwamba alikuwa tayari kupigwa, na kwamba angeona nafuu kama angepigwa. Mzee yule aliweka kigoda chini, akaketi. Kisha akasema, "Hukujua. Sawa. Lakini mdomo unao. Mbona hukuuliza?" Akazichukua shanga, akaenda zake.

Ndipo maisha yake yote yaliyobaki yakawa swali moja. Alitaka kila mgonjwa, wodi yoyote, kabla hajaguswa, aulizwe hivi: "Kuna kitu gani ambacho tukikuvua au tukikuondolea, utaona tumekukosea?" Na jibu liandikwe kwenye faili, ukurasa wa kwanza, lionekane hata na muuguzi wa zamu inayofuata. Basi. Hakutaka zaidi ya hapo. Unaweza kudhani jambo dogo namna hiyo litapita asubuhi moja kabla ya chai. Wapi! Wakubwa wake walimwambia hizo ni hisia za mtu aliyepata mkasa, alete utafiti. Akarudi chuoni, likizo baada ya likizo, akasoma nadharia za uuguzi mpaka macho yakamwuma. Aliwahi kunieleza tukiwa tumekaa kivulini nje ya wodi, kwamba huko walifundishwa mambo manne: mtu, mazingira yake, afya yake, na huduma anayopewa. "Nadharia ni nzuri, usizicheke," alisema, maana alikuwa amekwisha kuniona nikicheka. "Zinasema tuanze na mtu. Ila aliyeziandika hakumwona yule mama wa Lowarengak. Kazi ya kumwona ni yangu." Nilimwambia anafaa kuwa mwandishi. Akaniambia mimi nafaa kuwa na adabu.

Mimi niliingia katika habari hii kama mkalimani. Alihitaji mtu wa kuuliza swali lake kwa Kiturkana na kuleta majibu kwa Kiswahili, na mimi nilikuwa na lugha mbili na muda mwingi. Tukazunguka pamoja, Lodwar, Kerio, mpaka Kakuma. Nami nikajiona fundi kweli. Bibi mmoja pale Kerio alijibu kwa kuzungukazunguka, akaanza na mbuzi, akaenda kwa shemeji yake, akarudi kwa mbuzi, akakohoa, akanyamaza, akasema kidogo tena. Nikamgeukia Sista nikampa jibu lililonyooka, sentensi mbili tamu zenye mwanzo na mwisho. Aliweka kalamu chini.

"Ndivyo alivyosema?"

"Ndiyo maana yake," nikajibu kwa majivuno.

"Sikukuomba maana yake. Umemsaidia kusema. Nani kakutuma umsaidie? Mwombe radhi, umwambie arudie, na safari hii nataka mbuzi wote."

Nilimwomba radhi bibi wa watu, uso umenishuka. Akarudia, mbuzi wote wakapita, na katikati ya mbuzi hao ndipo lilipokuwa jibu lenyewe: kwamba mara ya mwisho alipolazwa walimchukulia ngozi anayolalia wakaitupa kwa uchafu, na ngozi ile ilikuwa ya mbuzi aliyechinjwa siku alipozaliwa mwanawe wa kwanza, ambaye sasa ni marehemu. Mimi nilikuwa nimemtafsiri kwamba "hapendi kulala kitandani." Tangu siku hiyo, hata ninapoandika safu hii, nikiona sentensi yangu imenyooka mno huwa namkumbuka na kuona haya kidogo.

Kalobeyei, kwenye makazi ya wakimbizi, ndiko nilikomwelewa zaidi. Tulienda kwa pikipiki, jua likituchoma kichwani, kumwona mama mmoja Mkongomani aliyekuwa ametoka wodini karibuni. Sista alimsomea karatasi ya ridhaa ya utafiti wake, kwamba anaweza kujibu au kukataa, na akikataa hakuna huduma yoyote atakayonyimwa. Mama akakataa. Vumbi lote lile, mgongo umevunjika, naye anakataa! Nikaanza kumbembeleza. Sista akanikanyaga mguu, akafunga daftari, akasema asante mama, nasi tukaaga. Hatujafika kwenye pikipiki tukamsikia akiita, "Sista, rudi. Kama uko unaondoka bila kunikasirikia, basi nitakuambia." Akasema, "Kwetu mutu akigonjwa tunamuimbiaka. Ndiyo anajua bado anahesabiwa na wazima. Pale wodini watu wa kanisa yangu walifukuzwa, ati wageni ni wawili tu. Nikalala pale kimya, nikasema basi, nimeshakufa, hawajaniambia tu." Sista aliandika kila neno, akalisoma mbele yake, akamwuliza kama ndivyo alivyosema. Tukapanda pikipiki kurudi Kakuma. Tuliposhuka akaniambia, "Umeona? Yule wa Lowarengak na huyu hawajawahi kukutana, na wote wawili tuliwapa habari ya kifo ambacho hakikuwepo."

Utafiti wake ulikubaliwa, na wodi aliyokuwa akiisimamia ikawa na ule mstari ukurasa wa kwanza. Niliuona kwa macho yangu, na majibu yake: huyu asivuliwe hirizi bila mumewe kuwepo, huyu asioshwe na mtu wa rika la mkwewe, huyu anaomba asifungiwe mlango. Wauguzi wapya walimcheka kwanza, baadaye wakaacha kucheka, maana wagonjwa waliacha kutoroka. Halafu yakaja mabadiliko, kama yanavyokuja huku daima, juu ya gari jeupe. Fomu mpya za kompyuta, Kiingereza kitupu, visanduku vya kutia alama. Swali la Sista halikuwa na kisanduku. Jibu la mbuzi wote utalitia alama gani? Aliandika barua, akaenda ofisi hii na ile, wakamwambia mfumo haujaruhusu. Sichukii mashine, msomaji wangu, na wala siwalaumu wauguzi, ambao mmoja huhudumia wodi inayohitaji watano. Lakini tumejenga hospitali nzuri zaidi ya zile za zamani, na ndani yake tumekuwa mabubu. Alistaafu mstari ule ukiwa umefutwa. Hakulalamika kwangu. Aliendelea kwenda wodini kama mgeni tu, anakaa kitanda hadi kitanda, anawasalimu kwa Kiturkana alichokuwa amejifunza, "ejok," anawauliza swali lake, na jibu anamnong'oneza muuguzi wa zamu.

Sasa niseme lile lililonifanya niandike. Alipougua mapafu walimpeleka hospitali kubwa, mbali na huku, nami nikafunga safari kwenda kumwona. Wauguzi wa pale ni hodari, nawavulia kofia. Nilimkuta amevishwa barakoa ya oksijeni, amedhoofu, sauti inatoka kwa tabu. Nikasimama mbele yake. Akanikazia macho, akakunja uso, akasema, "Nani?" Moyo ulinipasuka. Nikamtajia jina, akatabasamu, akanishika mkono. Kesho yake nikarudi, akakunja uso vilevile: "Nani?" Nikajua basi, akili imeshakwenda, hanitambui tena. Nilikuwa nimebeba habari nyingi za kumpa, za Kakuma, za mfagizi wetu wa zamani ambaye angali hai, na nikazimeza zote. Nikamsemesha kama anavyosemeshwa mtoto mchanga: "Ni sawa, Sista. Pumzika tu, Sista. Usijali." Alijaribu kusema kitu, mimi nikampigapiga begani na kutabasamu. Nikaondoka mapema, kwa sababu nilishindwa kumwona katika hali ile.

Siku ya mazishi mdogo wake alinivuta pembeni, anipe kitu cha kumkumbukia. Ilikuwa bahasha waliyokabidhiwa na wodi, imefungwa vizuri, imeandikwa jina la mgonjwa kwa mwandiko safi. Ndani mlikuwa na miwani yake. Walimvua siku ya kwanza ili barakoa ikae sawa, wakaitunza isipotee. "Bila hii hakuona hata vidole vyake," mdogo wake akasema. "Akili yake ilikuwa timamu mpaka saa ya mwisho. Aliniuliza mbona umekuja mbali hivyo halafu hukumsimulia chochote." Nami nilikuwa nimemjua na miwani hiyo usoni miaka yote, nikasimama mbele ya uso usio nayo, siku mbili, nisione kuwa haipo.

Majuto ni mjukuu, husemwa, na wangu ameshawasili, sidhani kama ana mpango wa kuondoka. Naitamani saa moja tu ya kukaa naye tena, nimpe zile habari zote, anigombeze. Sitaipata. Kwa hiyo nakuachia wewe, msomaji wangu: ukienda kumwona mgonjwa, pole yako iache kwanza. Mtazame uone wamemvua nini. Muulize, kisha nyamaza umsubiri ajibu, hata ikimchukua mchana kutwa. Mimi swali hilo nililiuliza kwa mama za watu, kijiji baada ya kijiji, kwa lugha mbili. Kwake yeye aliyenifundisha kuliuliza, sikulitumia hata kwa moja.