Methali za Kumpima Mzee wa Balangdalalu

Enzi za Waingereza nilikuwa dresa, mfunga vidonda, kwenye zahanati ya serikali Mbulu, na kwa kuwa nilikijua Kibarbaig, lugha ya wafugaji wa huko, nilitumiwa pia kama mkalimani. Siku moja mfugaji mmoja mzee aliletwa na mdogo wake kutoka Balangdalalu. Ng'ombe wake walikuwa wamekufa kwa ugonjwa. Tangu hapo, kila jioni alisimama kwenye zizi tupu akiwaita mmoja mmoja kwa majina.

Bwana Mganga, ndivyo tulivyomwita daktari Mwingereza, alitaka kujua kama apelekwe Dodoma kwa wagonjwa wa akili. Alinieleza kwamba mwenye akili timamu akipewa methali huona maana iliyojificha. Mgonjwa hubaki kwenye maneno yenyewe. Akaniambia nichague methali. Nikachagua nilizofundishwa shuleni.

Nilimwamkia mzee, nikaanza. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana yake nini?"

"Jembe la nini?"

"La kulima."

"Sisi hatulimi. Na mgeni unampaje kazi? Aliyesema hivyo kwao kuna njaa?"

Nikatafsiri. Bwana Mganga akaandika.

"Haba na haba hujaza kibaba." Neno kibaba lilinishinda kutafsiri, nikasema kibuyu cha maziwa.

"Inategemea ng'ombe," akajibu mzee.

Bwana Mganga akaandika tena, akasema lori la Dodoma linaondoka Alhamisi.

Niliona aibu. "Bwana, naomba nimuulize na mdogo wake."

"Mdogo wake si mgonjwa."

"Ndiyo maana, Bwana."

Akakubali. Mdogo mtu akasema mgeni huchinjiwa kondoo, kumpa jembe ni matusi. Kuhusu kibuyu, alisema inategemea ng'ombe, na kama ndama ameshanyonya.

Bwana Mganga akaweka kalamu chini. "Kwa nini hukuniambia kwamba hawalimi?"

"Hukuniuliza, Bwana."

Akamgeukia mzee. "Muulize kwa nini anaita ng'ombe waliokufa."

Nikamuuliza. Mzee alinitazama kama mtu aliyechoka kungoja swali hilo.

"Najua wamekufa. Niliwachuna mwenyewe. Lakini jioni ikifika mdomo unawaita. Nikiuzuia, kifua kinabana."

Nilitafsiri neno kwa neno. Safari hii hakuna kilichoandikwa.

Mzee hakupelekwa Dodoma. Alilazwa hapo hapo siku tisa, akala, akalala, kisha akarudi kwao kwa miguu na mdogo wake. Baadaye nilisikia kwamba bado anawaita, ila kwa sauti ndogo, na majirani wamezoea.