Nafasi Tupu Kwenye Tangi la Chini

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, maana ilikuwa muhula uliopita tu. Usicheke. Mimi nipo kidato cha nne, wewe ndiyo kwanza unashonewa sare ya kidato cha kwanza, kwa hiyo hapa mzee ni mimi. Kaa vizuri, upokee nasaha.

Kwa mjomba, hapa Nachingwea, tuna tangi la kioo lenye samaki wawili wa baharini, rangi ya chungwa na mistari myeupe, pamoja na kipande cha tumbawe kinachofunguka asubuhi kama ua la boga. Bahari yenyewe iko Lindi. Maji yetu yanakuja kwa basi, kwenye madumu, na konda ananiita Jini Maji.

Tangi alinunua mjomba, lakini tangi la chini, lile la kusafishia maji, niliunda mimi. Wenye fani wanaliita sampu. Nilichukua boksi la plastiki la kuwekea nguo, nikaligawa vyumba vitatu kwa vipande vya vioo na silikoni, nikalisukuma chini ya meza. Maji yanashuka kwa bomba kutoka juu, yanapita kwenye sponji, yanapita kwenye mawe, halafu pampu inayarudisha juu. Umeme ukikatika, pampu inalala, ila maji ya juu yanaendelea kushuka kidogo. Kwa hiyo sampu haijazwi. Unaiachia nafasi.

Mara ya kwanza niliacha nafasi ndogo, kapeti la mjomba likanywa maji ya Lindi. Akaniambia taratibu, na mjomba akiongea taratibu ujue mambo yameharibika: "Nikikuta tena maji sakafuni, samaki wanahamia Ruangwa. Kuna mwenye gesti kule anawataka."

Nikaongeza nafasi. Mambo yakatulia. Kisha akaja Bibi kutoka Mnero, mama yake mjomba, kutusalimia. Bibi ananiita mume wangu, nami namwita mchumba, kama ilivyo kwa mabibi na wajukuu wa kwetu.

"Mume wangu," alisema, amechuchumaa anachungulia chini ya meza, "chombo chako mbona nusu? Umeoa mke mvivu?"

"Usiguse, mchumba. Hiyo ni sayansi, itakuunguza ubongo."

Nikaenda zangu shule, najiona mjanja.

Sasa mfikirie mtu aliyebeba ndoo kichwani tangu utotoni. Kwa Bibi, chombo cha maji kikikaa nusu na mgeni yumo ndani, hiyo ni aibu ya mwenye nyumba. Akanionea huruma. Alichota kwenye pipa la jikoni, akajaza sampu yangu mpaka ukingoni, akamalizia kwa kuufuta ukingo na kanga yake. Kwa upendo kabisa, mwanangu.

Nimerudi mchana, umeme umekatika. Bibi amekaa juu ya kochi, miguu ameikunja.

"Mume wangu! Bahari imekuja yenyewe!"

Nikadaka tambara la deki. Kabla sijakamua hata mara moja, pikipiki ya mjomba ikazima nje. Akaingia, akatazama viatu vyake vinavyolowa, akanitazama mimi.

"Kesho Ruangwa," akasema. Taratibu.

Bibi akashuka kwenye kochi. "Nimejaza mimi."

"Mama, huyu hakukwambia kwamba lazima ibaki nafasi?"

"Aliniambia usiguse. Anayeambiwa usiguse ni kuku. Ningepewa sababu, hiyo nafasi ningeilinda mwenyewe."

Mjomba alitaka kukasirika, lakini mama ni mama. Akavua viatu. "Haya, bwana sayansi, mweleze sasa. Akielewa, wanabaki. Asipoelewa, wanaondoka."

Mwanangu, mtihani wa taifa sijaufanya, lakini sidhani kama utanitoa jasho lile. Nikapiga magoti kwenye maji.

"Bibi, umeme ukikatika, maji ya juu yanateremka kulala chini. Yakikuta kumejaa, yanalala sakafuni."

Bibi akachungulia chini ya meza. Akatazama bomba, akatazama boksi.

"Kumbe unawabakizia wageni mkeka! Si ungesema!"

Akachana ukanda wa kanga kuukuu, akaufunga kulizunguka boksi pale maji yanapotakiwa kuishia. "Kupita hapa, hata mimi nisithubutu."

Mjomba akageuka upande ili tusimwone anacheka. Tukapunguza maji ya jikoni yasiyo na chumvi, tukamimina dumu letu la mwisho la Lindi. Samaki hawajaiona Ruangwa mpaka leo.

Basi sikia. Ukiunda sampu, acha nafasi. Na ukiificha sababu ya nafasi hiyo kwa sababu unajiona una akili kuliko wa nyumbani, jiandae kupiga deki. Anayekupenda hawezi kukaa tu anatazama chombo chako kikiwa nusu; ataongeza maji. Mweleze mapema, kwa maneno yake, tena kwa heshima.

Mungu akukuzie samaki wako, asikuzimie umeme, na akupe mtu wa kukuhurumia namna ile. Amina. Haya, nenda kanichotee maji, mzee wako nimechoka.