Joto la Chini ya Shamba Letu

Shimo lile lilichorongwa na watu waliokuwa wakitafuta dhahabu. Waliondoka bila kusema wamekuta nini, wakaacha bomba la chuma limesimama katikati ya dengu zetu kule Samuye. Mume wangu hakushangaa. Alikuwa amechimba miaka mingi kwenye maduara, mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita, kabla hatujarudi kulima, na kule, alisema, anayepata hasemi, na asiyepata naye hasemi.

Baadaye walikuja watafiti wa jotoardhi, mama mmoja na mwenzake wa kiume, wakaomba kuteremsha kipima joto ndani ya shimo. Yule mama alieleza kuwa ziko sehemu za nchi ambako joto la ardhini linaweza kuzalisha umeme, nao walikuwa wakipima huku na huku wapate kulinganisha. Mume wangu akauliza majibu yatakuwa ya nani.

"Ya kila mtu, baba," yule mama akasema. "Tutayaweka wazi mtandaoni. Anayetaka atayachukua bure."

Mume wangu alinitazama mimi, si yeye. Aliwaruhusu, lakini walipoondoka tu akaniambia wale watu ama ni waongo ama kichwani hawako sawa.

Miezi ikapita. Binti yetu, muuguzi pale Kolandoto, alikuja likizo, akayatafuta majibu kwenye simu yake na kuyapata. Palikuwa na nukta ndogo kwenye ramani, hasa palipo shamba letu, na chini yake namba tupu na Kiingereza. Nilifurahi, nikaogopa, sijui kipi kilianza. Mume wangu alikasirika. Tumetangazwa, akasema, sasa watatujia. Binti akasoma kidogo kidogo, akatuambia ardhi yetu haina joto la maana, ni ya vuguvugu tu. Hapo baba yake akakasirika upya, safari hii kwa sababu hatuna kitu.

Nikamuuliza anataka lipi: tuwe na moto tunyang'anywe shamba, au tusiwe nao tusahaulike? Akachukua jembe akatoka. Ningeulizwa mimi, ningefanya vivyo hivyo.

Aliyekuja alikuwa mmoja tu, msichana mwanafunzi wa chuo kutoka Mbeya. Alikuwa njiani kwenda kwa kaka yake Buzwagi, akaona apitie kwetu. Alitupa shikamoo, akakaa, akasema ametumia zile namba katika utafiti wake na amekuja kushukuru.

"Lakini hapa hakuna kitu," mume wangu akamwambia.

"Hicho ndicho nilichohitaji, baba. Bila kujua pasipo na joto, nisingejua joto la kwetu Mbeya ni kubwa kiasi gani."

Nilirudia maneno yale moyoni, yakanipotea kila nilipofika katikati. Mtu anasafiri kutoka Mbeya kuja kushukuru kwa kitu ambacho hatuna, na alichotumia hakikupungua, na sisi hatukukitoa.

Nikaandaa ugali na mlenda. Mume wangu akamwomba msichana amwonyeshe namba za Mbeya. Akaishika simu kwa mikono miwili, akawa anauliza hii ni nini na hii nayo ni nini, na msichana anamjibu kwa subira. Nilimwita mume wangu aje kula, nikamwita tena. Akasema anakuja. Ugali ulipoa mezani naye bado ameinamia joto la watu wa mbali, na mpaka leo sijui alikuwa anatafuta nini.