Watumwa Hawakuwa Ubaoni

Nimekosa mimi. Si umaskini, si ukimbizi, si shetani. Ndugu yangu unayesoma, usinitafutie udhuru, kwa kuwa nimekwisha kujitafutia kila udhuru na hakuna hata mmoja uliosimama.

Ninaishi Kashojwa, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Kwetu ni Kivu ya Kusini, Kongo, ambako nilifundisha historia hadi mvi zikanijaa. Jina langu sitalitaja, na ya wengine nimeyabadilisha. Wanaonijua watanitambua. Na wanitambue!

Maisha yangu yote nilichukia kitu kimoja: maneno ya kuambiwa. Mwanafunzi aliyesimama na kuanza jibu kwa “inasemekana” nilimrudisha kwenye kiti kabla hajamaliza. Inasemekana na nani? Limeandikwa wapi? Nani aliona? Niliuita ukali huo elimu. Mpumbavu mimi!

Binti yangu alipofariki aliniachia mwanawe, ambaye hapa nitamwita Byamungu. Aliniita Koko, kama tunavyowaita babu kwetu. Alikuwa kijana mzima, amemaliza sekondari, hana kazi, hana pa kuendelea. Asubuhi tulipalilia mahindi pamoja. Jumapili, baada ya ibada, vijana wa jirani walijaa uani kwangu, nami nikawafundisha vita vya Wamarekani wao kwa wao, vya Kaskazini na Kusini.

Niliwafundisha kwa bao. Naam, ubao huuhuu wa mashimo ambao wenyeji wa hapa wanauita omweso. Mashimo ya upande wangu yalikuwa Kaskazini, ya upande wa pili Kusini, na kete zilikuwa majeshi. Nilianza na mizinga ya kwanza juu ya ngome ya bandarini. Nikaja kwenye lile pigano la mwanzo, ambapo watu wa mji mkuu walitoka na vikapu vya chakula kutazama vita kama tunavyotazama mpira, kisha wakarudi mbio wamechanganyikana na askari wao. Vijana walicheka hadi machozi. Nilicheka nao!

Byamungu alichagua Kusini kila mara. Nilikuwa nimemsifia mno yule jemadari wao aliyepiga majeshi makubwa kwa jeshi dogo. “Koko,” aliniambia siku moja akinyakua kete zangu, “kumbe mtu anaweza kuwa na wachache na bado dunia imjue jina!”

Nilimpiga bega kwa furaha. Sikusikia alichosema. Nilisikia tu kwamba alikuwa amelielewa somo.

Jirani yangu, Mrundi mkulima wa mihogo, mzee mwenzangu ambaye nitamwita Gaspari, alizoea kukaa pembeni na rozari yake akitutania. Jumapili hiyo aliuliza, “Mwalimu, hao watumwa waliogombaniwa, umewaweka shimo gani?”

“Watumwa hawako ubaoni,” nikajibu. “Ubaoni wako wanaopigana.”

“Aa! Basi huo ni mchezo wa wenye mashamba.”

“Na wewe ni bingwa wa mihogo. Kaa kimya ufundishwe.”

Vijana wakapiga makofi. Somo likaendelea.

Sasa sikiliza ubaya wangu ulipo. Mimi, mdai ushahidi, nilikuwa nao! Majimbo ya Kusini yalipojitenga, kadhaa kati yao yaliandika sababu kwa mkono wao wenyewe, na sababu ilikuwa utumwa. Nilijua hilo tangu ujana. Nilijua pia kwamba watumwa hawakukaa kungoja: walitoroka mashambani kwa miguu, wakaingia kambi za Kaskazini, na maelfu yao wakavaa sare na kupigana. Rais alipotangaza uhuru wao, vita vikawa vita vingine kabisa. Yote hayo niliyaruka. Kwa nini? Kwa sababu yalichelewesha mchezo! Vijana walitaka mji wa mtoni uliozingirwa, walitaka ile safari ya moto hadi baharini, nami nilitaka makofi yao.

Na bao lenyewe lilidanganya. Katika bao kete iliyotekwa haifi. Huichukua ukaipanda upande wako, mchezo ukaendelea. Hivyo ndivyo nilivyowazoeza watoto wa wakimbizi kuvifikiria vita, watoto ambao baba zao walizikwa bila kaburi! Mungu anihukumu kwa hilo kabla ya mengine.

Kisha akaja Mama Neema. Huyu ni mama wa kwetu, auzaye ndagala, wale dagaa wakavu, karibu na kisima. Alisimama mlangoni na beseni lake kichwani.

“Mwalimu, haki ya Mungu, kuko banaume babili ku Mbarara, kule mataksi inasimamaka. Banalipia batoto yetu soda, banabaambia kuko kazi mingi. Kisha ule mutoto haonekani tena. Na Byamungu bamemuona nabo.”

“Umemwona wewe?”

“Hapana, ni mudogo wangu njo alimuona. Anauzishaka matembele pale.”

“Kwa hiyo umekuja kuniuzia maneno ya mdogo wako. Mama, uza ndagala. Uvumi una wachuuzi wake.”

Aliliweka sawa beseni lake. “Sawa, Papa. Mimi nimesema. Masikio ni yako.”

Akaenda zake. Byamungu alikuwa nyuma ya nyumba, anamenya mihogo. Mwanahistoria mzima mimi, niliyehubiri miaka na miaka juu ya kukiendea chanzo chenyewe! Chanzo chenyewe kilikuwa hatua chache kutoka mlangoni kwangu, kisu mkononi, na sikukiuliza hata neno moja. Nilirudi kusoma.

Wiki hiyohiyo aliniaga. Alisema amepata kazi ya kupakia mizigo katika ghala moja Mbarara. Nilifurahi! Nikavua mkanda wangu wa ngozi nikampa, ili aonekane mtu wa heshima mbele ya tajiri wake. Bizimu ya mkanda ule ilikuwa imevunjika zamani, nami nikaitengeneza kwa mpini wa kijiko nilioukunja. Tuliicheka siku zote. “Koko, nikila nitaufungua mkanda au nitauchotea mchuzi?” alisema, akapanda boda akaondoka. Sijamwona tena.

Simu yake ilipozimwa nikaenda Mbarara. Ghala alilonitajia halikuwepo. Nikaingia kwa polisi, na huko, ndugu yangu, nikakutana na mimi mwenyewe nimevaa sare.

“Ssebo,” askari akaniita, yaani bwana, “ule mutu nachukua mutoto yako, jina yake nani?”

“Sijui.”

“Wewe naona yeye na macho?”

“Hapana. Niliambiwa.”

“Nani naambia wewe?”

“Mama mmoja, aliyeambiwa na mdogo wake.”

Akaweka kalamu chini. Hakuwa mtu mbaya. Alinipa hata benchi nikae. “Mzee, hiyo maneno ya kuambiwa mimi nitaandika namna gani? Leta mutu naona. Na kijana yako iko mukubwa. Pengine nakwenda tafuta bibi.”

Mwenzake akacheka. Nilitaka kumpiga yule wa kalamu kwa fimbo yangu. Lakini ningempigia nini? Alisema maneno yangu, kwa lafudhi yake.

Nikamtafuta yule mdogo wake Mama Neema pale anapouza matembele. Alikuwa amewaona kweli wale wanaume wawili, ameona hata viatu vyao. Walikuwa wamehama, na majina yao hakuyajua. “Ungekuja ile siku, Papa,” akaniambia, akaendelea kufunga mafungu yake.

Mvua zilipita. Halafu asubuhi moja Mama Neema akasimama tena mlangoni kwangu. Baada ya tusi lile, alikuja!

“Mwalimu, na leo ni maneno ya kuambiwa. Niende, ao niseme?”

“Sema, mama.”

“Kuko kijana mumoja amekimbia kule pori, kwetu Kongo, kwa bantu ya bunduki. Alipita hapa, alilala kwa bantu ya kanisa, asubui akaenda, iko na woga. Anasema kule kuko batoto ya Nakivale. Benye kujua bunduki banabapa bunduki. Benye hawajue, banabebeshwa: masasi ya bunduki, unga, mawe ya mugodi. Mumoja anabebaka na mukaba ya ngozi ku kipaji. Na kile chuma ya mukaba, Mwalimu... anasema iko kijiko.”

Kwetu akina mama hubeba kuni hivyo, ukanda ukipita kwenye paji la uso, shingo imeinama, macho kwenye visigino vya aliyetangulia. Mkanda niliompa aonekane bwana! Hawakumpa bunduki. Walimpa mzigo. Byamungu wangu, aliyechagua Kusini ili awe jemadari, amekuwa mmoja wa wale ambao mimi, kwa mdomo wangu, nilisema hawako ubaoni.

Hakuna aliyeandika habari hiyo. Hakuna mhuri. Nimeipokea kwa mama aliyeambiwa na watu walioambiwa na kijana ambaye sikuwahi kumwona. Na ninaiamini kuliko vitabu vyote nilivyopata kusoma.

Gaspari hajanisuta. Heri angenisuta! Hukaa nami Jumapili, ubao umefunikwa kwa gunia, tunatazama njia. Vijana waliobaki nimewafundisha upya vita vile, kwa mdomo mtupu, nikianza na shamba la pamba na mtu anayeokota pamba isiyo yake. Hakuna aliyecheka. Wawili walisimama wakaondoka katikati ya somo. Sikuwarudisha kitini.

Siku za soko ninapanda taksi hadi Mbarara na kukaa karibu na wauza matembele. Ninamuuliza kila anayetoka upande wa mpakani: umesikia nini? Wengine hunikimbia, wakidhani nimerukwa na akili. Mimi niliyefukuza uvumi mlangoni, leo ninauomba kama kipofu aombavyo sadaka. Mtu akianza na “inasemekana”, ninamvutia kiti.

Nanyi mnaowachukua watoto wetu kwa chupa ya soda, sina la kuwaonya. Nina laana tu, na ninaitamka kila asubuhi.

Lakini wewe, mwalimu, mzee, mwenye watoto nyumbani: usisimulie vita vyovyote, vya Amerika wala vya kwenu, ukawaficha wanaobebeshwa. Kijana akisikia majemadari peke yao, atadhani nafasi inayomngoja ni hiyo. Na siku muuza ndagala atakapokuja na neno aliloambiwa na mdogo wake, usimuulize nani aliona. Geuka, muite mtoto wako kwa jina, umuulize yeye, angali yupo wa kuitika.