Maini Niliyomchagulia Daktari

Kwa akili zangu nyingi nimeharibu utafiti wa maini. Daktari Mzungu aliyekuja Mbeya kuchunguza minyoo inayoziba mirija ya nyongo ya ng'ombe alinituma buchani kila asubuhi nimletee maini yoyote. Utafiti gani huo wa kila siku? Nikajua anakula. Na mgeni hapewi ini bovu, basi nikawa namchagulia yanayong'aa tu.

Juzi akawatangazia wafugaji kwamba ng'ombe wa pande hizi za Tanganyika hawana minyoo kabisa. Mwenye bucha akasimama.

"Bwana Daktari, yenye minyoo yamejaa kwangu. Karani wako ndiye anayeyakataa, anasema usije ukatuona washenzi."

Daktari akanigeukia. Nami, kwa akili zilezile, nikamwuliza kama yale niliyomletea hayakuwa matamu.